Viza ya Ujerumani: nilivyokataliwa, nilivyopata, na kuta nilizozisoma nikisubiri foleni

#1 BintiKariakoo

Wakuu, salaam. Kila wiki naulizwa PM swali lilelile, "dada, Ujerumani unaingiaje?", na mimi nimechoka kunakili majibu. Naandika mara moja hapa, atakayeuliza tena nitamtupia uzi huu. Mimi si wakala wala mwanasheria. Nilinyimwa viza 2022, nikapata nyingine 2023, na sasa nipo Berlin kwa kibali cha pili. Nitashusha vipande vipande maana naandikia simu kwenye treni.

Nianzie mwisho. Ofisi ya uhamiaji ya Berlin, huku kila mtu anaiita LEA, ina jengo lake kubwa Friedrich-Krause-Ufer, kando ya mfereji. Ukienda kwa treni ya U9 unaweza kushuka stesheni ya Westhafen. Kuta za stesheni hiyo zimejaa herufi, vigae kwa vigae. Mara ya kwanza nilidhani ni mapambo. Nilikuwa na miadi ya saa mbili asubuhi na nimefika saa moja kasoro, baridi kali, faili nimelikumbatia kifuani kama mtoto mchanga. Nikasogelea ukuta, nikaanza kuunga herufi kwa kidole kama nipo chekechea. Kumbe ni Tamko la Ulimwengu la Haki za Binadamu la 1948. Kazi hiyo waliifanya wasanii Françoise Schein na Barbara Reiter mwaka 2000.

Kijerumani changu kilikuwa cha kuombea maji, kwa hiyo kifungu cha 13 nilikitafuta kwa Kiswahili kwenye simu. Kinasema kila mtu ana haki ya kutoka katika nchi yoyote, hata iliyo yake, na kurudi kwao. Nikakisoma mara tatu. Kutoka, ruksa. Kurudi kwenu, ruksa. Kuingia kwa mwenzio hakijasema kitu. Viza inaishi hapo ambapo kifungu kimenyamaza, na uzi huu wote unahusu hapo.

Nakuja.

#2 Mzaramo_Halisi

Naweka kambi. Ila dada, hizo kuta waachie watalii, sisi tunataka dili. Yule mjusi wa Tendaguru, ile mifupa ya dinosaria, alitoka Lindi kwenda Berlin, mrefu kuliko ghorofa tatu, na hakuulizwa taarifa ya benki hata ya mwezi mmoja.

#3 BintiKariakoo

😂 Nimemwona. Mita 13 na ushee, yupo makumbusho ya elimu viumbe, amesimama kama ana kibali cha kudumu. Alichimbwa kati ya 1909 na 1913. Wakati huo anayetoa kibali na anayechukua mzigo walikuwa mtu mmoja, Mjerumani mtawala.

Turudi kwenye yangu. 2022 nilitaka kumtembelea binti wa mama mkubwa anayeishi Ulaya, nchi ya Schengen (lile kundi la nchi zenye viza moja ya pamoja), siitaji. Nikafuata kishoka mmoja wa mjini, akanitoza laki nne "kuandaa faili". Faili lilipendeza, limebanwa vizuri, lina mpaka karatasi za rangi za kutenganisha. Nikakataliwa.

Ile barua ya kukataliwa ni fomu ya visanduku, inafanana nchi zote za Schengen. Yangu ilikuwa na tiki mbili: kwamba sababu ya safari na mazingira ya kukaa kwangu havikuthibitishwa, na kwamba kuna mashaka ya msingi kama ningeondoka kabla viza haijaisha. Nililia siku mbili. Nikalaani ubalozi, nikalaani ukoloni, nikamlaani na binti wa mama mkubwa ambaye hana kosa.

Siku ya tatu nikatoa nakala ya faili langu, nikakaa sakafuni nikazipanga karatasi zote kama karata. Hapo ndipo nilipoona. Barua ya mwajiri: likizo siku 14. Tiketi niliyoshikiwa: siku 21. Bima: siku 30. Barua ya mwaliko ya dada inasema nitalala kwake. Kishoka naye kaweka oda ya hoteli siku zote 21, "ili faili lijae". Na kwenye akaunti, mshahara wangu unaingia laki saba laki saba kila mwezi, halafu siku tisa kabla ya kuomba, puu, milioni sita za mjomba.

Kila karatasi peke yake ilikuwa ya kweli, isipokuwa hiyo hoteli. Zikikaa pamoja zinagombana. Ningekuwa mimi ndiye ofisa wa dirishani ningejinyima mwenyewe.

Kwa hiyo nasema hivi, na ukiacha mengine yote ushike hili: faili lako lisomeke kama mtu mmoja anasimulia safari moja. Likizo, tiketi, bima, malazi, pesa, vyote vitaje siku zilezile na sababu ileile. Mjomba akikupa pesa, aandike barua kwamba ni yeye, aambatanishe na taarifa yake ya benki, aeleze udugu. Pesa yenye maelezo haina shida. Inayoua ni ile iliyodondoka kutoka mbinguni.

#4 NesiWaMuheza

Dada Mungu akubariki. Hapo kwenye milioni ya mjomba umenigusa, mimi nilikopa kwenye kikoba ili akaunti inone 🙈. Swali: ada wanarudisha wakikunyima?

#5 BintiKariakoo

Hairudi. Wakati wangu ilikuwa euro 80, tangu Juni 2024 ni euro 90 kwa mtu mzima. Mtoto wa miaka 6 hadi 11 nusu yake, chini ya hapo bure. Ni ada ya kushughulikia ombi, liwe limekubaliwa au la.

Kanuni nyingine za Schengen fupi fupi, maana hizi zipo wazi: ombi linapokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na isiwe chini ya siku 15 kabla. Majibu kwa kawaida siku 15, wakitaka kuchimba zaidi inafika 45. Pasipoti iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita, ina kurasa mbili tupu, na inabaki hai miezi mitatu baada ya siku utakayotoka Ulaya. Bima ya matibabu isiyopungua euro 30,000, inayofanya kazi Schengen nzima. Unaomba kwa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi. Siku zikilingana, ni ile unayoingilia kwanza. Watu wanaambiwa "omba nchi fulani ni laini, kisha nenda unakotaka". Acha. Viza inaweza kufutwa mpakani, na swali la kwanza la mpakani ni unalala wapi leo.

#6 VIZA_CHAPCHAP

Habari ndugu zangu. Kwa viza ya uhakika 100% bila taarifa ya benki, bila lugha, Ujerumani Canada Poland njoo PM. Malipo nusu kwanza. Unakwenda na Schengen ukifika unabadilisha kuwa ya kazi.

#7 Mzaramo_Halisi

Mod, mtoe huyu kabla sijamtoa mimi.

#8 BintiKariakoo

Asitolewe kwanza, amenirahisishia. Sentensi yake ya mwisho ndiyo imewaponza watu wengi ninaowajua. Viza ya Schengen ni ya matembezi. Sheria ya ukaaji ya Ujerumani inataka uingie na viza ya jambo unalokuja kulifanya. Ukija kutembea kisha ukataka kusoma au kufanya kazi, kanuni ni kwamba unarudi nyumbani kuomba upya ubalozini. Kuna milango midogo ya pembeni, mtu akifunga ndoa na kadhalika, na hata hapo ofisa ana uamuzi wake. Nimemwona kijana wa watu hapa aliyelipa milioni nane kwa ahadi hiyohiyo. Siku ya 88 kati ya 90 za viza alikuwa anauza simu yake kituo cha treni ili apate tiketi ya kurudi. Hakutaka kuzamia, Mungu ampe heri, angalau jina lake libaki safi.

Sasa unaweza kumtoa.

#9 Mama_wa_Kisauni

Hamjambo wanangu. Mimi ni mama mtu mzima niko Mombasa. Binti yangu ameolewa Hamburg na amejifungua, ataka nende nimlee mtoto. Nimeambiwa siku tisini kwa miezi sita, sasa hesabu yenyewe siielewi, kila mtu aniambia lake. Na hiyo karatasi ya mwenyeji ni ipi?

#10 BintiKariakoo

Shikamoo mama, hongera ya mjukuu.

Hesabu ni hii. Usihesabu "miezi sita" ya kalenda. Kila siku utakayokuwa Ulaya, ofisa anageuka nyuma kuangalia siku 180 zilizopita, hiyo siku ikiwemo, na ndani yake usizidi 90. Siku ya kuingia inahesabiwa, ya kutoka nayo inahesabiwa, hata ukitua saa sita kasoro usiku.

Mfano: umeingia 10 Januari, ukatoka 9 Aprili. Januari siku 22, Februari 28, Machi 31, Aprili 9. Jumla 90 kamili, huna hata moja iliyobaki. Unaweza kurudi lini? 9 Julai. Siku hiyo ukigeuka nyuma siku 180, ile 10 Januari imeshadondoka, na kila siku mpya inayoingia inasukuma nje siku moja ya zamani.

Lakini mama, hizo 90 ni dari. Ofisa anaweza kukupa 30 au 45. Soma stika ya viza mistari miwili tofauti: mmoja una tarehe za kuanzia na kuishia, mwingine una idadi ya siku. Tarehe zinaweza kuonyesha siku 45 na idadi ikasema 30. Hizo 15 ni za kukupa nafasi ndege ikiahirishwa, si za kumlea mjukuu. Na tangu 12 Oktoba 2025 wameanza mtambo mpakani unaochukua alama za vidole na picha ya uso badala ya muhuri. Zamani ofisa alikuwa anahesabu mihuri kwa kalamu na anaweza kukosea. Mashine haikosei hesabu ya 90.

Karatasi ya mwenyeji inaitwa Verpflichtungserklärung. Nawaonea huruma watakaoitamka. Mkweo au binti anakwenda ofisi ya wageni ya mji wake, anaonyesha mshahara, anatia saini kwamba gharama zako zote zikitokea, hospitali mpaka kurudishwa, ni juu yake. Analipa euro 29. Nakala halisi anakutumia wewe. Ukiwa nayo, maswali ya akaunti yako yanapungua sana. Yanayobaki ni ya kurudi: una nini Mombasa? Nyumba, shamba, pensheni, wajukuu wengine, biashara ya vitenge, chochote chenye karatasi.

#11 Mama_wa_Kisauni

Marahaba mwanangu. Nina duka la mahamri na leseni ya kaunti. Hilo neno la Kijerumani nimeliandika kwenye karatasi, hata kuandika nimechoka.

#12 Mtoto_wa_Umoja

Leseni ya kaunti weka mbele kabisa mama, hiyo ni dhahabu.

Nikiongezea kutoka Nairobi: Septemba 2024 Kenya na Ujerumani zilitia saini mkataba wa uhamiaji na ajira kule Berlin. Habari zikatoka eti nafasi 250,000. Wizara ya mambo ya ndani ya Ujerumani ikakanusha, kwamba mkataba hauna idadi yoyote. Lakini uvumi ulikuwa umeshatangulia. Mtaani kwetu kulikuwa na darasa la Kijerumani kila kona, mengine mwalimu mwenyewe ana A2 (ngazi za lugha huanza A1, A2, kisha B1, B2 na kupanda). Mkataba umepanga utaratibu, haujaondoa masharti. Lugha bado, vyeti bado, mwajiri bado.

#13 NesiWaMuheza

Hapo hapo kaka. Mimi ni nesi wa cheti, nataka ile Ausbildung ya uuguzi. Ni kweli hakuna ada?

#14 Mtoto_wa_Umoja

Ni kweli. Ni mafunzo ya miaka mitatu, unasoma na kufanya kazi hospitalini au nyumba ya wazee, na unalipwa posho ya mafunzo kila mwezi. Tangu sheria mpya ya uuguzi ya 2020 shule hairuhusiwi kukutoza ada ya masomo. Kwa hiyo akija mtu na "ada ya shule ya Ujerumani" mkimbie. Kinachohitajika ni mkataba wa mafunzo mkononi na Kijerumani, B1 kwenda juu, na hospitali nyingi zinataka B2. Lugha ndiyo ada yenyewe. Mimi B1 imenichukua miezi kumi nikisoma usiku, na bado mzee wa Bavaria akiongea nahisi anatafuna kokoto.

Ila wewe ni nesi tayari, kabla ya kuanza upya ulizia kwanza kutambuliwa kwa cheti chako, Anerkennung. Huenda wakakupa masomo ya kujazia tu badala ya miaka mitatu.

#15 BintiKariakoo

Asante kaka wa Umoja, uuguzi sina uzoefu nao.

Naendelea na yangu. Baada ya kukataliwa sikuomba tena kutembea. Nilipata nafasi ya shahada ya uzamili, uhandisi wa maji, na hapo viza ni nyingine kabisa. Si ya Schengen, ni ya kitaifa, herufi D, ada euro 75. Tena siku hizi maombi hayo huanzia mtandaoni kwenye lango la ubalozi, unapakia karatasi, wanazipitia, ndipo unaitwa kwa alama za vidole.

Mlima wake ni Sperrkonto. Ni akaunti unayoijaza pesa za mwaka mzima kabla hujaondoka, kisha inakutolea kwa mwezi, hata ukilia. Mwaka 2023 ilikuwa euro 11,208. Tangu Septemba 2024 ni 11,904, yaani 992 kwa mwezi. Zidisha kwa shilingi mwenyewe, mimi nikizidisha nasikia kizunguzungu. Familia iliuza kiwanja cha Chanika, shangazi akaongeza, nami nilikuwa na akiba ya miaka mitatu. Safari hii kila shilingi ilikuwa na barua yake: mkataba wa mauzo ya kiwanja, barua ya shangazi, hati za benki za miaka mitatu. Ofisa aliuliza maswali manne tu, mojawapo kwa nini maji. Nikamwambia nimekulia Kariakoo, mvua ya nusu saa inafunga mtaa. Akacheka.

Sasa mnisikilize kuhusu kufika, kwa sababu watu wanadhani ukishapata stika umemaliza. Ndani ya siku 14 tangu uhamie kwenye nyumba lazima ujiandikishe ofisi ya wilaya, ndiyo Anmeldung. Ili ujiandikishe unahitaji barua ya mwenye nyumba. Mwenye nyumba anataka akaunti ya benki. Benki nyingi zinataka Anmeldung. Umeona mzunguko? Nilizunguka wiki tatu. Nikikwama natembea, ndiyo maana nazijua kuta kuliko madarasa.

Kuna mchoro mmoja Kreuzberg, Mariannenstraße, mwanaanga mweusi na mweupe ameelea ubavuni mwa jengo, urefu wa mita 22. Alimchora Victor Ash mwaka 2007. Siku niliyokosa chumba cha tano nilikaa chini yake nakula mkate mkavu. Amevaa mtungi wake wa hewa, hana ardhi chini, hana kamba. Nikasema, ndugu yangu, na wewe hujapata barua ya mwenye nyumba.

#16 Mzaramo_Halisi

Haya sasa nimeelewa kwa nini kuta. Endelea.

#17 Fundi_Leipzig

Wakuu nina dharura. Kibali changu cha kazi kimeisha wiki iliyopita, niliomba kuongeza kabla hakijaisha, wamenipa ile karatasi ya kukunja ya kushikilia wakati ukisubiri uamuzi, Fiktionsbescheinigung. Jana baba amefariki Dodoma. Naweza kutoka na kurudi? Kazini kila mtu anasema lake.

#18 BintiKariakoo

Pole sana kaka, Mwenyezi Mungu ampumzishe mzee.

Ifungue hiyo karatasi sasa hivi, tafuta visanduku vya § 81, ni kifungu cha sheria ya ukaaji. Kuna Abs. 3 na Abs. 4, yaani aya ya 3 na ya 4. Kwa kuwa uliomba kibali cha zamani kikiwa hai, yako inapaswa kuwa Abs. 4. Maana yake kibali cha zamani kinahesabika kinaendelea mpaka waamue, na unaweza kutoka na kurudi. Ingekuwa Abs. 3, unaruhusiwa kuwepo ila ukitoka hiyo karatasi haikurudishi, ungehitaji viza upya. Tarehe ya mwisho wa karatasi yenyewe iangalie pia, usirudi imekwisha.

Beba pasipoti, karatasi hiyo halisi, na kadi ya zamani iliyoisha, vyote vitatu. Wa kukusumbua si polisi wa Ujerumani, ni binti wa kaunta ya ndege Dar ambaye hajawahi kuiona karatasi ya namna hiyo. Na wakati wa kurudi ningekuwa mimi ningetua moja kwa moja Ujerumani, nisianzie nchi nyingine ya Schengen. Ukiweza, ipigie ofisi yako kabla ya kununua tiketi.

#19 Fundi_Leipzig

Ni Abs. 4. Nimeiona. Asante dada, nimeikodolea macho wiki nzima na sikujua kama ina maana. Naondoka kesho usiku.

#20 Sharifu_wa_Ngamiani

Pole ndugu wa Leipzig.

Binti, umezungumzia kuta na herufi zake, nami mzee wako niongeze kitu kilicho chini ya miguu. Umepita Brunnenstraße 193? Kuna kibati cha shaba nyeupe cha sentimita kumi kwa kumi kimezikwa kwenye njia ya waendao kwa miguu. Vinaitwa Stolpersteine, mawe ya kujikwaa, kazi aliyoianzisha msanii Gunter Demnig kuwakumbuka waliouawa na Wanazi, kila mmoja mbele ya nyumba aliyoishi. Hicho ni cha Mahjub bin Adam Mohamed, Wajerumani walimwita Bayume Mohamed Husen. Mtu wa Dar es Salaam, kazaliwa 1904.

Baba yake alikuwa askari wa Wajerumani, naye akaingia vitani akiwa mtoto wa miaka kumi. Mwaka 1929 akaenda Berlin kudai mishahara ya vita, yake na ya baba yake, ambayo haikulipwa. Wizara ikamwambia hakuna kitu. Akabaki. Alifanya kazi ya uhudumu, akaigiza kwenye sinema, akafundisha Kiswahili chuo kikuu. Sasa wewe unayezungumzia vibali, fikiria: watu wa makoloni hawakuwa raia wa Ujerumani, walikuwa watu wa chini ya himaya. Koloni lenyewe likachukuliwa na Waingereza baada ya vita. Huyu ni wa nani? Akaoa Mjerumani 1933, mwaka uleule wa Hitler. Mwaka 1941 wakamkamata kwa uhusiano na mwanamke mweupe, wakampeleka kambi ya Sachsenhausen. Alifia humo 24 Novemba 1944.

Mwalimu wa Kiswahili. Nilifundisha lugha hii miaka 31 na jina lake sikulisikia hata siku moja mpaka nilipostaafu.

#21 BintiKariakoo

Shikamoo mwalimu. Nimepita Rosenthaler Platz labda mara mia na sikujua. Hicho kibati ni mwendo mfupi tu kutoka stesheni hiyo.

Nilichokijua ni eneo la Wedding hapa Berlin, ule mtaa wa Kiafrika, ukishuka U6 Afrikanische Straße. Kuna Sansibarstraße, Tangastraße, Usambarastraße. Siku ya kwanza nilipiga picha kila kibao nikawatumia wa nyumbani, mama akauliza kama pia kuna Kariakoo. Kulikuwa na Petersallee, ya Carl Peters, yule wazee wetu walimwita Mkono wa Damu. Mwaka 1986 wilaya ilifanya ujanja: jina likabaki palepale, wakasema kuanzia leo ni Peters mwingine, Hans, mwanasiasa. Agosti 2024 hatimaye likang'olewa, barabara ikagawanywa vipande viwili: Anna-Mungunda-Allee na Maji-Maji-Allee.

Sasa mwalimu, kuna watu wanaojiandikisha Anmeldung kwenye anwani ya Maji-Maji-Allee. Mswahili wa Songea anaweza kupokea barua ya LEA ikiwa imeandikwa Maji Maji kwenye bahasha.

#22 Mzaramo_Halisi

Na risasi zikawa maji kweli safari hii.

#23 NesiWaMuheza

Samahani nawarudisha nyuma. Ukikataliwa viza unaruhusiwa kukata rufaa?

#24 BintiKariakoo

Kwa Ujerumani zamani ulikuwa unaandika barua ya kupinga, ubalozi unaangalia tena bure. Tangu 1 Julai 2025 utaratibu huo umeondolewa dunia nzima. Zimebaki njia mbili: kuomba upya ukiwa umerekebisha, au kwenda mahakama ya utawala Berlin, ambako kuna muda wa mwisho na gharama. Nchi nyingine za Schengen kila moja ina yake, soma nyuma ya barua. Kwa kosa kama langu la 2022, mahakama ingenicheka. Omba upya, na usifiche kwamba uliwahi kukataliwa, rekodi ya ombi lako inakaa kwenye mfumo hadi miaka mitano.

#25 BintiKariakoo

Nimerudi na ripoti. Jumapili nimekwenda Brunnenstraße na kitambaa na dawa ya kung'arishia shaba, huku watu hufanya hivyo. Kibati kilikuwa kimefifia, karibu rangi ya lami. Nikapiga magoti. Bibi mmoja wa Kijerumani akasimama na mbwa wake, akauliza ni ndugu yangu? Nikamjibu ndiyo. Sikuwa na Kijerumani cha kutosha kueleza zaidi, na sikuona kwamba nimesema uongo. Akasubiri nimalize, akasoma jina kwa sauti, akalitamka vibaya, mbwa akavuta kamba wakaondoka. Mwalimu, picha nimekutumia PM.

#26 Sharifu_wa_Ngamiani

Nimeipata. Nimemwonyesha mke wangu. Shukrani mwanangu.

#27 Fundi_Leipzig

Nimesharudi wakuu. Dar kaunta ya ndege walinishikilia dakika arobaini wakipiga simu. Frankfurt ofisa kaitazama karatasi sekunde tano. Mzee tumemsitiri salama.

#28 Mama_wa_Kisauni

Wanangu, viza imetoka! Idadi ya siku wameandika 60, tarehe ni 75, nimeisoma kama ulivyonifundisha. Mahamri nimemwachia mdogo wangu. Mkwe asema mwisho wa mwezi watanipeleka Berlin kuona ule ukuta uliochorwa.

#29 BintiKariakoo

Hongera mama! Huo ni East Side Gallery, kipande kilichobaki cha Ukuta wa Berlin, kilomita moja na ushee, ulichorwa 1990 na wasanii kutoka nchi kibao. Kuna gari dogo la Trabant linatoboa ukuta, utalipenda. Nipigie ukifika nije na chapati. Ila nikutahadharishe, kuna mchoro mkubwa wa viongozi wawili wazee, Brezhnev wa Kisovieti na Honecker wa Ujerumani Mashariki, wamebusiana mdomoni.

#30 Mama_wa_Kisauni

Mdomoni? Hapo mwanangu utanishika mkono nipite nimefumba macho.